Ada ya taka Zanzibar: ipi inasafisha mtaa, ipi inajaza mashimo

Pakizuka mazungumzo ya ada ya taka kwenye shehia, yaani mtaa au kijiji kilicho chini ya sheha, mabishano huishia kwenye kiasi. Elfu mbili nyingi, elfu tano haiwezekani, mbona mwenye ghorofa analipa sawa na mimi. Kiasi kina uzito wake. Lakini linaloamua kama taka zitafika jaani Kibele au zitaishia kwenye shimo la mawe nyuma ya skuli ni wakati ambao pesa inadaiwa. Ukidaiwa pale unapoutoa mfuko mlangoni, kila mfuko unakukumbusha kwamba usingeutoa ungebaki na pesa yako. Ukiwa umeshalipa mwanzo wa mwezi, mfuko wa leo haukugharimu kitu, na huna sababu ya kuuficha.

Kwa kipimo hicho nalinganisha njia zinazotajwa sana: kulipa kwa kiroba, ada ya mwezi, ada kupitia umeme, kontena la bure, na ushuru wa mlangoni jaani kwa malori. Nimewalenga masheha na kamati zao, madiwani, wenye nyumba na yeyote atakayeitwa kwenye kikao aseme ndiyo au hapana. Nina upande wangu na sitauficha.

Kwa nini kwetu kutupa ni rahisi mno

Unguja kwa sehemu kubwa imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Watu wamechimba mawe na mchanga wa kujengea miaka na miaka, na mashimo mengi yamebaki wazi, mengine sasa yamezungukwa na nyumba zilizokuja baadaye. Shimo halina mlinzi wala karani, na mara nyingi liko karibu kuliko kontena. Ongeza mitaro ya mvua, mabonde, mikoko ya upande wa Maruhubi na fukwe za vijijini, utaona kwamba mkaazi wa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, au wa wilaya za Magharibi amezungukwa na mahali pa kutupia bure. Jaa rasmi la mjini liko Kibele, Wilaya ya Kati, nje kabisa ya mji, baada ya lile la zamani la Jumbi kuachwa. Kwa kijana anayezoa taka kwa mkokoteni Kibele haifikiki. Kwa mwenye lori ni mafuta ya kwenda na kurudi, na saa ambazo angezitumia kubeba mzigo mwengine wa kulipwa.

Jiwe la matumbawe halizuii maji. Kinachooza ndani ya shimo hushuka hadi kwenye maji yale yale tunayoyavuta visimani na kwenye chemchemi. Plastiki nazo hufunga mitaro, na masika yakiingia, nyumba za mabondeni ndizo zinazolala ndani ya maji machafu. Kipindupindu cha 2015 na 2016 hakijasahauliwa na waliouguza, na ndiyo maana Serikali ikaandaa mpango wa kukitokomeza wa kutoka 2018 hadi 2027. Wakati huo huo tunaongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Hao ni karibu laki sita zaidi ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anakula, anafua na kufungua pakiti za vitu.

Kwa hiyo kosa la kuchagua ada mbaya halimrudii aliyeichagua. Linamrudia mwenye kisima na mwenye nyumba ya bondeni.

Kulipa kwa kiroba

Hii ndiyo inayopendwa na wengi wanapoulizwa kwa mara ya kwanza, na nawaelewa. Bibi anayeishi na mjukuu mmoja hutoa kimfuko cha maganda ya ndizi na magamba ya samaki. Jirani yake anapika urojo na bajia za kuuza, anatoa viroba viwili vilivyojaa. Kwa nini walipe sawa? Mwenye taka nyingi alipe zaidi. Haki hiyo inaonekana kwa macho, na mtu ambaye taka zake zina bei ataanza kufikiri kabla ya kununua maji ya chupa kila siku.

Tuchukue mfano wa hesabu, ili tuone inavyofanya kazi ndani ya nyumba. Tuseme kiroba ni shilingi 500 na nyumba ya watu wanane inatoa viroba vitatu kwa wiki. Kwa mwezi ni 6,000. Sasa mama mwenye nyumba hii hafikirii kwa mwezi. Anafikiri kwa leo: 500 hii ni mkate wa watoto wa asubuhi, na shimo liko hatua chache. Akimtuma mtoto na mfuko baada ya sala ya Magharibi, 500 imebaki mkononi papo hapo. Hakuna haja ya kumtafutia ubaya wa moyo. Bei imewekwa mahali ambapo kila kukwepa kunamlipa, na kukwepa kwenyewe hakuonekani.

Waliopima jambo hili wako mbali nasi, lakini walilipima vizuri. Mwaka 1992 mji wa Charlottesville, jimbo la Virginia, Marekani, ulianza kuwatoza wakaazi senti 80 za dola kwa kila mfuko wa taka. Wachumi wawili, Don Fullerton na Thomas Kinnaman, walipima taka za nyumba 75 kabla na baada ya ada, wakachapisha matokeo 1996. Ukubwa wa taka zilizowekwa nje, yaani wingi wa mifuko, ulipungua kwa asilimia 37. Uzito ulipungua kwa asilimia 14 tu. Watu walikuwa wanashindilia: taka zile zile ndani ya mifuko michache. Na katika upungufu wa uzito wenyewe, walikisia kwamba hadi asilimia 28 huenda ilitokana na kutupwa kwa njia zisizo halali. Huo ni mji ambao gari ya taka hupita kila wiki bila kukosa. Ukiipeleka bei hiyo hiyo kwenye mitaa yetu ya Jang'ombe au Mpendae, ambako njia nyingine hazipitishi hata gari, sioni kwa nini sehemu inayoishia shimoni iwe ndogo kuliko ile.

Watetezi wa njia hii hutaja Korea Kusini, na wana haki ya kuitaja. Tangu 1995 nchi nzima hutumia mifuko rasmi inayonunuliwa dukani, bei ya kuzoa ikiwa ndani ya bei ya mfuko, na taka zilipungua kweli. Lakini angalia kilichokwenda pamoja na mfuko: vitu vya kurejelezwa vilichukuliwa bure, ukaguzi ulikuwa mkali, na familia nyingi huishi kwenye majengo ambayo taka zote hukusanywa sehemu moja mbele ya macho ya majirani. Mwenye kutaka kukwepa alikuwa na mlango wa halali wa kutokea, kwa sababu akitenganisha chupa na makaratasi mfuko wake wa kulipia unabaki mdogo. Sisi tungechukua bei na kuuacha huo mlango.

Kuna tatizo jengine ambalo vikao huliruka, nalo ni zito kuliko hilo la mama na mtoto. Sehemu kubwa ya wanaolipa kwa kiroba mjini humlipa kijana wa mkokoteni. Wanampa pesa mlangoni, wanafunga mlango, nafsi imetulia: nimelipa, taka zimekwenda. Lakini zimekwenda wapi? Kijana amelipwa kuziondoa hapo, hakulipwa kuzifikisha popote. Kontena liko mbali, pengine limejaa, na kila dakika anayoisukuma kwenda huko ni dakika ambayo hachukui mzigo mwengine. Anamwaga kwenye shimo la kwanza lisilo na mtu. Basi nyumba zinaonekana kulipa, makusanyo yanaonekana kupanda, na shimo linajaa kwa pesa za watu waliolipa kwa uaminifu.

Hili lina dawa, na nalisema kwa mkazo kwa sababu halihitaji sheria mpya: kijana alipwe anapofika. Nyumba impe tiketi, yeye aikabidhi tiketi pamoja na mzigo kwa msimamizi wa kontena, na hapo ndipo apokee pesa yake. Mzigo usiofika haulipwi. Shehia yoyote inayoamua kubaki na mikokoteni, na Mji Mkongwe hauna njia nyengine maana vichochoro vyake havipitiki kwa gari, ianzie hapo.

Ada ya mwezi, nyumba kwa nyumba

Hapa nyumba inalipa kiasi kimoja kila mwezi, itoe kiroba kimoja au kumi. Faida yake kubwa nimeitaja mwanzoni: baada ya kulipa, mfuko wa ziada ni bure, na aliyelipa anataka gari ije ichukue kila kitu. Mtu huyu anageuka mlinzi wa mtaa. Anapiga simu gari isipokuja na kumkemea anayetupa, kwa kuwa anaona haki yake inaharibiwa.

Kasoro yake ni kwamba haimshawishi mtu kupunguza taka. Kasoro hiyo naikubali bila taabu. Sehemu kubwa ya taka za majumbani mwetu ni maganda, majani, makumbi na mabaki ya chakula. Mama hawezi kununua ndizi bila maganda. Tatizo letu la leo ni kwamba taka hazifiki jaani, na ada ichaguliwe kwa tatizo hilo.

Kinachoua ada ya mwezi ni mambo mawili. La kwanza ni gari isiyokuja. Nyumba ikilipa mwezi mmoja na taka zikakaa wiki mbili mlangoni zikinuka, mwezi wa pili hailipi, na hakuna sheha atakayekuwa na uso wa kuidai. La pili ni baya zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia ya kutenda haki: wazoaji kukataa taka za asiyelipa. Jamani, huyu asiyelipa mnadhani atazila? Mkiziacha mlangoni kwake leo, kesho ziko mtaroni, na atakayeoga maji ya mtaro huo ni mtoto wa aliyelipa. Deni la ada lidaiwe kama deni lolote, kwa barua, kwa Baraza la mji au la wilaya, kwa mahakama ikibidi. Taka zizolewe zote, za aliyelipa na za asiyelipa, siku ile ile.

Kuhusu kiasi, kilio cha bibi na mjukuu wake kinajibika ndani ya njia hii kwa kuweka madaraja machache yanayoonekana kwa macho: nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, nyumba ya ghorofa, nyumba yenye biashara ya chakula, fleti. Sheha anazijua nyumba zake na hahitaji mzani. Wasiojiweza kabisa waandikwe na wasamehewe waziwazi, kuliko kuwaachia wajisamehe wenyewe usiku. Wengine wataona hapa pana mwanya wa upendeleo. Upo, na unazibwa kwa kuibandika orodha ya waliosamehewa kwenye ofisi ya sheha.

Jambo moja dogo: risiti itoke kwa namba ya malipo ya simu, si kwa kijana mwenye daftari. Pesa ya mkononi inayopita milango mia mbili hufika Baraza ikiwa imepungua, na watu wanalijua hilo kabla hawajalipa.

Kupitia umeme au maji

Wazo hili lina mvuto kwa wahasibu. Nyumba nyingi za mjini zina mita ya TUKUZA, ya umeme wa kulipia kabla, kila mtu hununua umeme, basi ada ya taka ikatwe humo humo. Hakuna mkusanyaji, hakuna wa kukwepa, hakuna daftari. Na kwa kipimo changu cha mwanzo inafaulu: pesa imekatwa tayari, kwa hiyo mfuko wa leo hauna bei.

Tanzania Bara walifanya jambo la jirani na hili. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo ilianza kukatwa kupitia LUKU, mita za huko za umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Malalamiko ya siku za mwanzo yanatufaa kuyasoma. Mpangaji ndiye anayenunua umeme, kodi ni ya mwenye nyumba. Nyumba moja ina mita tatu, mita moja ina familia nne. Kwetu nyumba za vyumba vya kupangisha zimejaa, na mita mara nyingi ni ya wote. Nani atakuwa amelipia taka za nani?

Lipo pia la mnunuzi mdogo. Yuko mtu anayenunua umeme wa shilingi elfu moja kwa siku, kadiri pesa inavyopatikana. Ada nzima ikikatwa kwenye manunuzi yake ya kwanza ya mwezi, elfu yake inayeyuka na taa haiwaki. Ukiikata kama asilimia ndogo ya kila manunuzi, balaa hiyo inaondoka, na mwenye viyoyozi vinne analipa zaidi ya mwenye balbu mbili, jambo ambalo ni haki kwa kadiri fulani. Kwa kadiri fulani tu: mama anayegandisha barafu na malai za kuuza nyumbani naye hutumia umeme mwingi, na si tajiri.

Linalonizuia kuiunga mkono kwa sasa ni jengine. Pesa ya umeme huingia kwenye mfuko ulio mbali na mtaa. Mkaazi haoni uhusiano wa alichokatwa na gari iliyokuja au isiyokuja, na diwani hana cha kuulizwa. Ada ya mwezi ikikosewa, watu wanagoma na Baraza linasikia. Ya umeme ikikosewa, watu wanaendelea kukatwa na mashimo yanaendelea kujaa. Kama mapato yatarejeshwa kwa kila Baraza kwa hesabu inayotangazwa, nitabadili msimamo.

Kontena la bure

Bure haipo, kuna mtu analipa, lakini hapa mtu huyo si kaya. Baraza linaweka makontena, linayachukua, na gharama inatoka kwenye leseni za biashara, mapato ya utalii na ruzuku ya Serikali.

Kwa kuzuia utupaji ovyo peke yake, hakuna njia inayoipita hii. England wamelijifunza hilo kwa gharama. Kodi ya jaa ilipoanza Uingereza 1996 ilikuwa pauni 7 kwa tani ya taka za kawaida. Sasa imevuka pauni 100. Mabaraza yakibanwa na gharama yakaongeza tozo zao, na mengine yakaanza kumtoza hata mwenye nyumba aliyepeleka mwenyewe matofali na vipande vya plasta alivyobomoa bafuni kwake. Miaka ya karibuni mabaraza ya England yamekuwa yakiandikisha zaidi ya matukio milioni moja ya utupaji haramu kwa mwaka. Kuanzia tarehe 31 Disemba 2023 yalizuiwa kumtoza mwenye nyumba kwa taka za ukarabati mdogo, mradi zisizidi mifuko miwili ya lita 50 kwa safari na safari nne ndani ya wiki nne. Mwenye kiasi kidogo asitozwe, mwenye kingi alipe: mpaka huo nauona wa busara, nao unatufaa.

Udhaifu wa kontena la bure tunauona mitaani bila kufundishwa. Mkahawa unaleta mapipa yake usiku kwa sababu kaya hazilipi na hakuna anayeuliza. Fundi anamwaga zege lililoganda. Kontena linajaa kabla ya siku yake, taka zinashuka chini, mbuzi na kunguru wanamaliza kuzitawanya, kisha mtu anazitia moto na moshi wa plastiki unaingia vyumbani mwa watu. Kontena la bure lisilo na msimamizi wa mchana na wa usiku hugeuka jaa dogo katikati ya makaazi. Msimamizi analipwa mshahara, na mshahara huo lazima uwe kwenye bajeti kabla ya kontena lenyewe.

Malori ya vifusi, na mahoteli

Nimewatenga hawa kwa makusudi. Kaya moja ikitupa mfuko shimoni ni mfuko. Lori moja la vifusi vilivyochanganyika na makopo ya rangi, mbao zenye misumari na plastiki hufunga mtaro mzima kwa safari moja.

Ushuru wa mlangoni jaani, unaolipwa kila lori linapoingia, ndio ushuru unaozalisha utupaji ovyo kuliko wote. Dereva ameshalipwa na mwenye nyumba kwa bei ya jumla. Akifika Kibele anatoa mafuta, muda na ushuru. Akimwaga njiani kwenye pori au shimo, vyote vitatu vinabaki mfukoni mwake, na mwenye nyumba hatajua. Ukipandisha ushuru huo kwa nia ya kupata pesa za kuendeshea jaa, umempandishia dereva faida ya kutofika.

Igeuzeni. Mwenye kujenga au kubomoa aweke dhamana Baraza siku anapochukua kibali cha ujenzi, kwa kadiri ya ukubwa wa kazi. Dhamana irudishwe akileta risiti za jaani zinazolingana na kazi ile. Sasa ni mwenye nyumba anayemdai dereva risiti, na dereva anayekwenda porini hana cha kumpelekea. Pesa imetoka kabla, na njia pekee ya kuipata ni kufika. Vifusi safi, mawe na plasta bila mchanganyiko, visitozwe chochote: kila mtaa una mtu anayetafuta kifusi cha kuinua kiwanja chake au kujazia njia iliyochimbika na mvua. Sheha awe na orodha ya wanaokihitaji.

Kwa hoteli za Nungwi, Kiwengwa, Paje na Jambiani, kishawishi ni kile kile kwa nguo nzuri zaidi. Hoteli inasaini mkataba na mzoaji wa bei nafuu, haiulizi taka zinalala wapi, na msitu wa kijiji jirani unapokea chupa na mabaki ya jikoni. Zitozwe kwa idadi ya vyumba, kima cha chini ambacho hakipungui hata taka zikiwa chache, ili kuficha mzigo kusiwe na faida. Kisha leseni isihuishwe bila risiti za mwaka mzima za mahali taka zilipopokelewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 na Sheria ya Serikali za Mitaa ya 2014 zipo, na mamlaka za kulifanya hili zipo. Faini nazo zipo, ila sizitegemei sana: sheha anaishi na watu wake, na faini inayomtaka amshitaki jirani yake usiku wa manane haitatumika.

Chaguo langu, mahali kwa mahali

Ng'ambo na mitaa ya Magharibi A na B: ada ya mwezi kwa madaraja, malipo ya simu, taka zote zizolewe. Nyumba za vyumba, adaiwe mwenye nyumba, na yeye aiingize kwenye kodi ya chumba. Kwenye fleti kama za Michenzani ada ni kwa kila fleti, na ni rahisi kuliko kote kwa sababu milango inajulikana.

Mji Mkongwe: ada hiyo hiyo kwa wakaazi, mikokoteni yenye tiketi, na maduka, mikahawa na nyumba za wageni walipe pamoja na leseni zao. Masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe yalipe ndani ya ushuru wa meza ambao mfanyabiashara ameshauzoea, bila kumwongezea karani wa pili.

Kwa kaya kulipa kwa kiroba, siishauri popote Zanzibar kwa sasa. Mashimo yakishafukiwa na gari ikishakuwa na siku zake zisizobadilika, tuliangalie tena.

Pemba ni jambo tofauti kidogo. Chake Chake, Wete na Mkoani mjini yafuate mpango wa Ng'ambo. Vijijini, ambako nyumba ina shamba nyuma yake, maganda na majani yanarudi kwenye migomba kama yalivyorudi siku zote, na kumtoza mtu huyo ada ya mwezi ni kumwambia alipie huduma asiyoihitaji. Anachohitaji kuondolewa ni vitu visivyooza: pampasi, chupa, mabati, betri za redio na tochi. Mahali pamoja pa kukusanyia kwa kila shehia, gari ipite mara moja au mbili kwa mwezi, bila ada yoyote. Ukimtoza mkulima hata shilingi 200 kwa betri, utazikuta kwenye bonde la mpunga.

Kabla ya shilingi ya kwanza

Huduma itangulie ada. Gari ipite kwa siku zilizotangazwa, bila kukosa, kwa muda wa kutosha watu waizoee, kisha ndiyo karatasi ya malipo ije. Najua Baraza litasema halina mafuta ya kuanzia. Basi ianze shehia chache, lakini zianze kwa uhakika.

Na kabla ya hapo, sheha na vijana wawili watatu waizunguke shehia yote wakiandika kila rundo lililo mahali pasipostahiki: shimo gani, mtaro upi, ukubwa wa kadiri gani, kuna vifusi au taka za jikoni. Picha za simu zinatosha. Wazunguke tena baada ya ada kuanza, na tena masika yakimalizika. Marundo ya taka za jikoni yakiongezeka, ada ya kaya imekaa vibaya au gari haiji. Yakiongezeka ya vifusi, tafuta malori na vibali vya ujenzi, msiwasumbue akina mama. Orodha hiyo ya marundo ipelekwe kwa diwani pamoja na hesabu ya makusanyo, karatasi mbili kwa siku moja, na kikao kisijadili ya pili kabla ya kuisoma ya kwanza.